Fremu ya miwani ya kuchora mwenyewe: anza na boksi

Wengi mnaniuliza fremu zangu natengenezaje. Mimi niliishia kidato cha nne, kuchora nilijifunza mwenyewe kwa Inkscape, programu ya bure.

Kosa lilinifundisha. Nilichapisha fremu 6 kwa plastiki ya PLA. Mteja akaacha yake ndani ya gari juani, ikapinda. Kumbe PLA inaanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi! Nikamrudishia hela yake, zile 5 sikuziuza.

Sasa nafanya hivi:

1. Pima. Angalia ndani ya mkono wa miwani inayomkaa vizuri mteja. Ukikuta 52-18-140, maana yake upana wa lenzi ni milimita 52, daraja la pua 18, mkono 140.

2. Chora nusu ya mbele tu, halafu igeuze upate nusu ya pili. Pande zitalingana.

3. Kata kwanza kwa boksi gumu, mvalishe. Ikibana, rekebisha mchoro. Hapo hujapoteza kitu.

4. Kwa fundi wa leza peleka asetati. PVC usipeleke kabisa, ikiungua inatoa gesi mbaya kwa mapafu na inaharibu mashine.

5. Lenzi za kupimiwa mwachie mtaalamu wa macho.

Na kwenye tangazo lako andika fremu ni ya nini na haitaki nini. Mteja akijua mapema, hakurudishii mzigo.

Wewe unauza nini ambacho jua linakiharibu?