Protini Hukusanyikaje Seli Inapofikwa na Dhiki?

SWALI: Bwana Mtaalamu, yasemekana seli ikipatwa na joto kali protini zake hujikusanya mahali pamoja, kisha hutawanyika. Nini sababu yake?

JIBU: Ndugu msomaji, seli inapofikwa na dhiki, iwe ya joto, ya sumu kama aseniki ama ya kukosa oksijeni, husitisha kwanza kazi yake yenye gharama kubwa, yaani kuunda protini mpya, na ribosomu zikishaziacha nyuzi za RNA zilizokuwa zikisomwa, nyuzi hizo hubaki wazi ndani ya ute wa seli. Hapo ndipo protini iitwayo G3BP1, ambayo wakati wa raha hukaa imejikunja, huzishika nyuzi hizo, ikakunjuka na kuambatana na wenziwe, hata mkusanyiko ukajitenga na ute kama mafuta yajitengavyo na maji, pasipo utando wowote wa kuusitiri. Nancy Kedersha na Paul Anderson, wa Boston, walibainisha mwaka 1999 kwamba kuzimwa kwa kiungo kiitwacho eIF2, kianzishacho uundaji wa protini, ndiko kunakotangulia mkusanyiko huo.

Lililo adhimu zaidi, kwa rai yangu, ni wepesi wa mambo haya: chembe za mkusanyiko huo hujengeka kwa dakika chache, na dhiki ikiondoka huyeyuka, RNA zikarejea kazini. Zisipoyeyuka ndipo pana hatari, maana katika maradhi ya ALS, yadhoofishayo misuli, protini TDP-43, ambayo nayo huingia katika chembe hizo, huonekana imegandamana ndani ya seli za neva.