SATARANJI KWA KUIPA KISOGO

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: katika mabaraza huulizwa, je, yamkini mtu kucheza sataranji pasina kuutazama ubao? Na akiweza, hukumu yake ni ipi?

Kuwezekana kwake hakuna shaka, na khabari yake ni kongwe. Said bin Jubayr, tabii wa Kufa, mwanafunzi wa Ibn Abbas, aliyeuawa na Hajjaj mwaka 95 wa Hijra (714), imepokewa kutoka kwa Imamu Shafii kuwa alikuwa akiicheza hali ameipa kisogo. Huuliza mwenziwe amesukuma nini, akiambiwa, naye hutaja lake likasukumwa. Mwaka 1266 Mwislamu mmoja, ambaye Wataliani walimwita Buzecca, alicheza Florence na mabingwa watatu kwa pamoja, wawili bila ya kutazama na mmoja kwa kutazama. Akawashinda wawili, na wa tatu wakatoka sare. Watu wa London walipomwona Mfaransa Philidor akicheza hivyo mwaka 1783 walistaajabu kana kwamba jambo hilo halijapata kuonekana duniani. Na mwaka 2016 Timur Gareev, mzaliwa wa Uzbekistan, alicheza na watu 48 kwa mkupuo mmoja, hali amefungwa macho.

Wengi hudhani kuwa mchezaji huyo huuona ubao moyoni kama picha, kila chumba na rangi yake. Sivyo. Alfred Binet wa Ufaransa aliwauliza wachezaji wenyewe, na kitabu chake cha mwaka 1894 kikadhihirisha kuwa mabingwa khasa hawaoni sura ya farasi wala rangi ya mti. Wanachokishika ni kazi ya kila kipande, kinamlinda nani na kinamtisha nani. Mwaka 1973 Chase na Simon wa Marekani waliwaonesha wachezaji ubao kwa sekunde chache, kisha wakaufunika. Vipande vilipokuwa vimepangwa kama vitokeavyo mchezoni, bingwa alivirudisha vingi mahali pake. Vilipotupwa ovyo, hakumpita sana mwanagenzi. Mwenye kuhifadhi Qur'ani atalifahamu hili upesi, kwani aya huivuta aya iliyo baada yake. Lakini mpe huyo huyo maneno mia yasiyofungamana, utamwona anakwama kama watu wengine.

Mtu wa Tinde, penye njia panda ya Shinyanga, Nzega na Kahama, akitaka kulipima jambo hili hana haja ya kutafuta sataranji. Na atazame bao, au isolo ya Wasukuma iliyo jamaa yake. Sataranji ina vyumba 64 na vipande 32. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Lakini katika sataranji aghlabu kila zamu huhama kipande kimoja tu, na katika bao zamu moja yaweza kuzungusha kete na kubadili mashimo mengi kabla ya mkono kusimama. Basi kulishika bao moyoni kwataka hesabu zaidi ya kukumbuka mahali. Akili za mabingwa wa bao wa Unguja zilichunguzwa na Mholanzi Alexander de Voogt, aliyetoa kitabu chake mwaka 1995.

Ama hukumu: katika madhehebu yetu ya Shafii sataranji ni makuruhu, madhali haina kamari wala haipitishi wakati wa sala, na wanavyuoni wengi wa madhehebu mengine wameiharimisha. Akisema mtu, "Said bin Jubayr aliicheza," jawabu ni kuwa kitendo cha tabii hakiiondoi karaha.

Tena kisogo kina hatari isiyokuwamo katika macho. Mwenye kutazama, akisikia adhana, huuacha ubao barazani. Huyu atauacha wapi? Huingia nao msikitini. Najdorf wa Argentina alipokwisha kucheza na watu 45 São Paulo mwaka 1947, imesimuliwa kuwa hakuweza kupata usingizi, michezo ikimzunguka kichwani. Sala haibatiliki kwa mawazo peke yake, lakini khushu ndiyo roho yake, na moyo ulio na farasi na waziri hauna nafasi. Kwa hivyo wawili waliomo garini baina ya Tinde na Kahama, wakicheza kwa kutaja vyumba tu, na wavunje mchezo kabla ya kutia udhu. Na ikiwa hawataki kuuvunja, na waiandike zamu iliyobaki katika karatasi, ipate kuwatoka moyoni.