SOMO KWA VYAMA: MKANDA WA GARI UNAPOKWAMA

Gari la chama ni mali ya wanachama wote, lakini uhai wa wale wanaosafiri ndani yake una thamani kubwa zaidi. Somo hili linahusu kifaa kidogo ambacho mara nyingi husahauliwa makisio ya matengenezo yanapoandikwa, nacho ni mkanda wa usalama.

Mfano

Chukuliwe mfano wa chama cha wafugaji huko Olbalbal, wilayani Ngorongoro. Gari lake huenda Karatu kuleta chumvi na dawa za mifugo. Njia hiyo hupita lango la Lodoare na ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ndipo iteremke Malanja hadi bonde la Olbalbal. Huko udongo wa majivu ya volkano hutimka vumbi jembamba wakati wote wa kiangazi.

Asubuhi ya safari mkanda wa dereva wakataa kutoka. Dereva auvuta kwa nguvu, wapi! Aupachika nyuma ya kiti na kusema, "Bwana Katibu, tutautengeneza tukirudi." Wanaporudi jambo limesahauliwa, na tangu siku hiyo gari la chama lasafiri bila mkanda.

Wakazi wa Karatu hawajaisahau ajali ya basi la wanafunzi iliyotokea Rhotia tarehe 6 Mei 2017 na kuwaua watu 35. Hawahitaji kuelezwa hatari ya miteremko. Mkanda hauzuii ajali, lakini Shirika la Afya Duniani laeleza kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa waliokaa viti vya mbele kwa kiasi cha nusu. Nayo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 humtaka dereva aufunge.

Jinsi mkanda unavyofanya kazi

Mkanda unaopita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin, mhandisi wa kampuni ya Volvo ya Sweden, mwaka 1959. Katika magari mengi mkanda huo hujikunja ndani ya kasha lililo chini ya nguzo ya mlango. Ndani ya kasha mna springi ya kuurudisha, na mna uzito mdogo ambao hulala upande gari linapofunga breki ghafla au linapoinama. Uzito huo ukilala, meno hushikwa na mkanda hautoki tena. Vivyo hivyo mkanda ukivutwa kwa kishindo hujifunga.

Basi ifahamike kwamba mkanda uliogoma huenda ukawa mzima kabisa. Gari lililoegeshwa mteremkoni, au dereva mwenye haraka, vyatosha kuufunga.

Hatua za kufuata nyumbani

1. Gari liegeshwe mahali tambarare na injini izimwe. Mkanda uachwe urudi ndani kidogo, kisha uvutwe polepole. Usipotoka, uvutwe mara moja kwa nguvu na kuachiwa, halafu ujaribiwe tena taratibu.

2. Itazamwe kama mkanda umejipinda kwenye pete ya begani, au kama kamba ya mzigo imenaswa kando ya kiti. Ulipojipinda unyoshwe.

3. Mkanda unaotoka kwa shida au kurudi kivivu mara nyingi umeshiba vumbi na jasho. Uvutwe wote nje na kubanwa kwa kibanio cha nguo karibu na kasha ili usirudi. Usuguliwe kwa brashi laini na maji vuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha ufutwe kwa kitambaa kilicholowa maji safi. Pete ya begani nayo ifutwe, kwani uchafu hugandia hapo. Mkanda uachwe ukauke kabisa kivulini kabla ya kuachiwa. Petroli na dawa ya kung'arisha nguo zisitumike, maana hudhoofisha nyuzi.

4. Kufuli ya mkanda isiposhika, imulikwe kwa tochi. Punje ya mahindi au sarafu yaweza kuwa imetumbukia. Ipulizwe kwa pampu ya tairi. Oili isitiwe, kwa kuwa hukusanya vumbi zaidi.

Mwishowe mkanda ujaribiwe: ukivutwa taratibu utoke, ukivutwa ghafla ushike, ukiachiwa urudi wenyewe.

Mambo yaliyokatazwa

Kasha lisifunguliwe nyumbani. Springi yake yaweza kufyatuka na kumjeruhi mtu, na katika magari ya miaka ya karibuni mna baruti ndogo ya kuukaza mkanda wakati wa ajali. Mkanda uliochanika au kulika nyuzi usishonwe. Mkanda uliokwisha kumshika mtu katika ajali ubadilishwe wote pamoja na kasha lake, hata kama kwa macho waonekana mzima. Kazi hiyo ni ya fundi.

Wajibu wa katibu

Katibu aandike katika daftari la gari siku ambayo dereva alitoa taarifa na hatua iliyochukuliwa. Kamati itenge fedha za mikanda katika makisio, kama inavyotenga za matairi. Gari ambalo mkanda wake haujatengenezwa lisitoke, hata kama dawa za mifugo zasubiriwa. Dawa zikichelewa siku moja zitafika kesho yake, lakini dereva aliyepotea hatarudi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini mkanda hujifunga gari likiwa mteremkoni?
2. Ni kazi zipi dereva aweza kuzifanya mwenyewe, na zipi ni za fundi?
3. Katika chama chenu, nani mwenye amri ya kulizuia gari lisitoke?