GIABOKSI IKILIA, SIKILIZA KWANZA

Gari la mzee likianza kulia, ushauri wa mtaani huwa ule ule: "Giaboksi imekwisha, nendeni Grogan mtafute nyingine!" Ngojeni kwanza. Klachi na giaboksi ni majirani wa ukuta mmoja, na aghalabu mmoja hubebeshwa kosa la mwenziwe. (Wapo wanaotaka tuseme "sanduku la gia". Mwambie fundi hivyo uone kama hatakuuliza ni sanduku gani.)

Chukua pikapu ya Datsun 1200, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Washa injini, iweke nyutro, tega sikio. Kelele ikinyamaza ukikanyaga klachi, mshukiwa ni beringi ya giaboksi. Ikianza unapokanyaga, hiyo ni beringi ya klachi bana, giaboksi haina hatia. Gia zikikwaruza injini ikiwaka lakini zikaingia laini ikizimwa, klachi haiachi sawasawa. Nayo injini ikinguruma mlimani na gari lisivute, pleti ya klachi imelika. Gia ikiruka yenyewe ndipo uishtaki giaboksi, na hata hapo kagua kwanza raba zinazoishikilia.

Kuishusha nyumbani kwawezekana, ila si kazi ya mtu mmoja. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulala chini yake! Gari liegemee stendi za chuma juu ya sakafu ngumu. Mawe ya ujenzi hupasuka ghafla, nawe uko chini. Fungua waya wa betri, mwaga oili, toa propela, mkono wa gia, kebo ya spidi na stata. Tegemeza injini. Kisha giaboksi ivutwe nyuma ikiwa imenyooka, isining'inie kwenye shafti yake, maana uzito huo hupinda pleti.

Kuirudisha ndiko kunakotoa jasho. Pleti mpya sharti ikae katikati kabisa kabla hujakaza presha pleti. Ikienda kando kidogo tu, mtasukuma mpaka magharibi. Wengine huivuta kwa kukaza bolti, ati italazimika kuingia. La hasha! Kasha litapasuka. Ingiza gia, mwenzako azungushe shafti ya nyuma polepole huku wewe ukisukuma, mpaka meno yaoane. Ikikubali, itajikalisha yenyewe kwenye injini bila spana. Na oili itiwe kabla ya kuwasha.