Springi za Altezza na Subaru za Zamani: Mwongozo kwa Madereva wa Pemba

Toyota Altezza ilianza kutengenezwa mwaka 1998 na ikakoma mwaka 2005. Subaru Impreza WRX ya umbo la kwanza ni ya 1992 hadi 2000. Kwa hiyo gari hizi ambazo vijana wa Chake Chake na Wete hudunduliza muda mrefu mpaka wazipate, nyingi zimekaa miaka ishirini na zaidi juu ya springi zile zile zilizofungwa kiwandani Japani. Mafuta ya injini hubadilishwa, breki huwekewa pedi mpya, lakini springi hukumbukwa siku inapokatika.

Springi ya koili inapozeeka ugumu wake haubadiliki sana. Kinachopungua ni urefu wake. Gari inalala, nafasi ya tairi kupanda na kushuka inabana, na ile raba ya kuzuia kipigo iliyo kwenye fito ya shokapu inaanza kubeba mzigo usio wake. Ukipita tuta na watu wanne ndani, unasikia mgongo wa gari ukigonga. Wengi hapo hununua shokapu mpya, wakafurahi mwezi mmoja, kisha kugonga kukarudi. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kutuliza mtikisiko. Inayobeba ni springi.

Pemba inazichosha springi kwa namna yake. Kisiwa kimejaa vilima na mabonde, barabara inapanda, inashuka na kupinda, na kila kona uzito wote unaegemea upande mmoja wa gari. Ukiacha lami kuelekea vijijini, masika hukuachia makorongo na tope jekundu. Juu ya hayo kuna chumvi ya bahari. Tope lenye chumvi hutuama kwenye kikombe cha chini cha springi, rangi inabanduka, kutu inachimba vishimo vidogo, na ufa huanzia kwenye kishimo. Ndiyo maana springi nyingi hukatika kwenye koili ya chini kabisa, mahali ambapo jicho halifiki bila gari kuinuliwa. Kwa Subaru hili ni la hatari zaidi, kwa sababu springi yake ya mbele imekaa karibu sana na tairi: kipande kilichokatika kinaweza kulichana tairi gari ikiwa mwendoni. Tena gari nyingine hutufikia zikiwa na kutu tangu kwao, maana mikoa ya baridi ya Japani humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu.

Kabla ya kutoa pesa, pima. Iweke gari kwenye sakafu iliyo sawa, tairi zikiwa na upepo kamili na buti likiwa tupu. Isukume mbele na nyuma kidogo ili ikae vizuri, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, pande zote nne. Usipimie kutoka ardhini, kwani upepo wa tairi utakudanganya. Tofauti ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja ikizidi sentimita moja, kuna jambo la kuchunguza: springi, bushi au mauntini. Halafu inua gari, safisha kikombe cha chini kwa maji na brashi, na uitazame koili ya mwisho kwa tochi.

Sasa kuchagua. Hapa ndipo pesa hupotea, kwa sababu springi mbili zinaweza kufanana machoni na zisifanane kabisa kazini. Ugumu wa koili unafuata kipeo cha nne cha unene wa waya. Waya ukitoka milimita 12 hadi 13, vipimo vingine vikibaki vile vile, springi inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 38. Milimita moja hiyo hakuna anayeiona kwa kuangalia tu dukani. Kwa hiyo fundi akikwambia "hii inaingia", mjibu kwa heshima kwamba kuingia peke yake hakutoshi.

Anza na kibao cha gari kilichomo ndani ya boneti. Altezza yenye namba ya SXE10 ina injini ya silinda nne ya 3S-GE. GXE10 ina silinda sita ya lita mbili, na JCE10 ya umbo la stesheniwagoni, ile Gita, ina injini kubwa ya lita tatu. Uzito wao haulingani, basi usichukulie kwamba springi zao zinalingana. Ukiwa na namba kamili ya chesesi, muuzaji makini anaweza kukutafutia namba ya springi yenyewe. Kwa Toyota, namba za springi za mbele kwa kawaida huanza na 48131 na za nyuma 48231, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha gari na gari. Baadhi ya Toyota hata zina springi ya kushoto na ya kulia zenye namba tofauti. Alama za rangi zilizopakwa kwenye koili nazo ni kitambulisho. Zipige picha kabla ya kuzifuta.

Namba hii ya springi ina thamani zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam. Yeye akikosea anarudi Kariakoo jioni ile ile. Wewe kifurushi chako kimevuka bahari mpaka Mkoani, na kukirudisha ni nauli nyingine na siku nyingine gari ikiwa juu ya mawe. Kama ndugu yako aliye Dubai au Maskati ndiye atakayekununulia, mtumie namba, usimtumie jina la gari tu. Kule Altezza iliuzwa kama Lexus, usukani kushoto, na springi iliyowekwa kwa ajili ya gari ile si lazima iwe ndiyo yako.

Ushauri wangu kwa Pemba ni huu: chukua springi mpya yenye urefu na ugumu wa kiwandani, iwe ya Toyota au Subaru wenyewe, au ya mtengenezaji anayefuata vipimo hivyo, kama KYB au Lesjöfors. Springi za kushusha gari, za akina Tein, Eibach na RS-R, ni bidhaa nzuri zilizopimwa, lakini zimekusudiwa barabara laini. Kuishusha gari milimita 30 ni kujinyima milimita 30 za kupokea shimo. Gari ya mbio hushika kona kwa sababu tairi linabaki limekanyaga barabara. Likirushwa na kila shimo, ugumu wote ule ni kelele tu. Ukiwa bado unazitaka, nunua pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili yake, na hakikisha kuwa springi haichezi mahali pake gari inapoinuliwa juu.

Usilinganishe namba za ugumu baina ya gari mbili tofauti. Kwenye Subaru shokapu imeungana moja kwa moja na shina la gurudumu, hivyo springi husogea karibu sawa na tairi. Kwenye Altezza springi imesimama juu ya mkono wa chini, ndani zaidi, hivyo tairi husogea zaidi ya springi, na ugumu unaofika kwenye tairi ni mdogo kuliko ulioandikwa. Angalia pia vipimo: Wajapani huandika kg/mm na Wajerumani N/mm. Springi ya 4 kg/mm ni sawa na takriban 39 N/mm.

Mambo mawili ya gereji yakataliwe waziwazi. La kwanza ni kukata koili. Springi yenye koili sita zinazofanya kazi ikikatwa moja, inakuwa fupi na wakati huo huo ngumu zaidi kwa asilimia 20, na ncha yake haikai tena kwenye kikombe chake. Kuichoma kwa gesi ili ilale ni kubaya zaidi, maana moto huondoa nguvu ambayo chuma kilipewa kiwandani. La pili ni raba zinazosokomezwa katikati ya koili ili gari iinuke. Zinazuia koili mbili kufanya kazi na kuzitwika nyingine mzigo wote. Spesa ya juu ya mauntini ina nafuu kidogo, lakini springi iliyochoka inabaki imechoka, na mikono, bol jointi na shafti hukaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa.

Springi za mtumba zinaweza kukufaa ikiwa huna njia nyingine. Nunua jozi iliyotoka gari moja, zisimamishe mezani ulinganishe urefu, na uzikatae zikiwa na vishimo vya kutu hata kama bei inavutia.

Siku ya kufunga, badilisha zote mbili za ekseli moja. Fundi atumie vibanio viwili vya kubana springi vilivyo vizima, si waya wala kamba: springi iliyobanwa ikifyatuka inaweza kuua. Mauntini, raba za kipigo na vifuniko vya vumbi vibadilishwe hapo hapo. Boliti za bushi zikazwe mwisho kabisa gari ikiwa imekaa kwa tairi zake. Zikikazwa gari ikiwa juu ya jeki, raba hujipinda zikachanika mapema. Baada ya hapo gari ipimwe alaimenti na taa za mbele zirekebishwe, kwa kuwa kimo kimebadilika.

Kisha ilinde kazi yako. Ukirudi kutoka Vumawimbi au pwani nyingine yoyote, elekeza maji baridi yasiyo na chumvi kwenye vikombe vya springi, si kwenye boneti peke yake. Na kama pesa zilizopo zinatosha jozi moja tu, anza na ekseli yenye springi iliyokatika au yenye kutu ya kuchimba, hata kama ekseli nyingine ndiyo iliyolala zaidi, na upunguze mwendo mpaka jozi ya pili ifike.