MPAMBA NA NDUGU ZAKE: MAHALI ANAPOLALA KANGAMBILI

Mkulima, kila mmea una ukoo wake, kama vile kila mtu alivyo na ukoo wake. Mpamba nao una ndugu, na baadhi ya ndugu hao wako karibu na nyumba yako. Yafaa uwajue, kwa sababu adui wa mpamba hupata chakula na malazi kwao wakati ambapo shambani hamna pamba.

Jinsi ya kuutambua ukoo

Chuma ua la mpamba na ua la bamia, uyapasue kwa urefu. Katika kila ua utaona petali 5, na katikati mrija mmoja uliosimama, umezungukwa na vichembe vyenye unga wa manjano. Ua la choya ni vivyo hivyo. Hiyo ndiyo alama ya ndugu wa karibu.

Ndugu wa mbali huonekana kwa alama nyingine. Wengi wao wana magome yenye nyuzi imara za kusokotea kamba, kama mbuyu na mkole. Wengine wana utelezi, kama bamia, mlenda na majani ya mbuyu.

Zamani wataalamu wa mimea waliugawa ukoo huu mara nne. Mpamba na bamia walikuwa ukoo mmoja. Mbuyu na msufi ukoo wa pili. Mfune na mkakao ukoo wa tatu. Mkole na mlenda ukoo wa nne. Mwaka 1998, baada ya kuchunguza chembe za urithi za mimea mingi, wataalamu waliweka yote katika ukoo mmoja. Lakini kangambili hakungoja wataalamu. Tangu zamani yeye hula mbegu za mbuyu, msufi, mfune na bamia, kisha huingia katika pamba.

Kazi ya kangambili

Kangambili ni mdudu mwekundu mwenye alama nyeusi, na mdomo wake ni mwembamba kama sindano. Hutoboa tumba bichi la pamba mpaka kwenye mbegu, akafyonza mafuta yaliyomo. Mdomo wake huweza kuchukua kuvu na kuipanda ndani ya tumba. Kuvu hiyo ndiyo inayotia nyuzi doa la manjano au la kahawia. Tumba changa hukauka; tumba kubwa hupasuka vibaya, na pamba yake ni fifi. Mbegu zilizofyonzwa nazo hazioti vizuri.

Basi fikiri, mkulima. Umelima, umepanda kwa nafasi, umepalilia kwa wakati wake. Ukifika mnadani au kituoni, pamba yako inawekwa upande wa fifi, na bei ya fifi si bei ya safi. Hasara hiyo huenda ilianza chini ya mbuyu, miezi mingi kabla hujachuma.

Jike hutaga mayai udongoni au chini ya takataka. Watoto hawana mbawa. Hukusanyika makundi makundi juu ya mbegu zilizoanguka, na huambua ngozi mara 5 kabla ya kuwa wakubwa na kuweza kuruka. Huu ndio wakati mzuri wa kuwaua, maana hawawezi kukimbilia mbali.

Mambo ya kufanya

1. Usikate mbuyu wala msufi. Mbuyu una faida ya chakula, nao msufi una faida ya sufi. Okota matunda yaliyoanguka na kupasuka, usiache mbegu zikitapakaa chini ya mti.

2. Weka mtego. Fanya chungu ndogo za mbegu za pamba au vipande vya matunda ya mbuyu pembeni mwa shamba. Kangambili watakusanyika hapo. Wamwagie maji ya moto asubuhi, na urudie kila siku chache.

3. Usipande bamia wala choya kandokando ya pamba. Bamia zilizokomaa na kukauka zing'olewe. Usiziache zisimame bure.

4. Chuma pamba mara inapopasuka. Usingoje shamba zima liwe jeupe. Tenga fifi na safi pale pale shambani, katika mifuko miwili.

5. Mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote ya pamba, uyachome kabla ya tarehe iliyowekwa katika wilaya yako. Sababu si kangambili peke yake. Yuko pia funza wa rangi ya waridi, ambaye hujificha ndani ya mbegu na matumba yaliyosalia, naye pia hula bamia. Moto humwua humo humo alimolala.

Neno la kuangalia

Si kila adui wa pamba hufuata ukoo. Funza mkubwa wa vitumba hula mahindi, nyanya na dengu pia, ambazo si ndugu wa mpamba hata kidogo. Kwa hiyo kuujua ukoo hakuondoi kazi ya kukagua shamba kila juma. Ukiona wadudu usiowafahamu, wachukue katika chupa umpelekee Bwana Shamba.

Tena kumbuka kwamba kangambili mkubwa ana mbawa. Ukisafisha shamba lako, na jirani akaacha mashina yake yasimame, wadudu wake watakuwa wako. Zungumzeni kijijini, mchague siku moja ya kung'oa na kuchoma, na kila nyumba itoe watu. Shamba moja safi katikati ya mashamba kumi machafu halina kinga.