Kabla ya Kuihukumu Sanaa, Tuijue



Ndugu zangu wanachuo, katika usuli l-fiqhi tunafundishwa kanuni fupi: kukihukumu kitu ni tawi la kukijua kilivyo. Mufti asiyejua jinsi biashara fulani inavyoendeshwa hawezi kuitolea fatwa. Naona kanuni hii inahusu sanaa pia, na kwamba anthropolojia, elimu inayochunguza watu na utamaduni wao, inaweza kutusaidia kuitekeleza.

Wengi wetu tunaitilia shaka elimu hii, na si bila sababu. Ilikua wakati wa ukoloni, na vitu vingi vya Waafrika vilibebwa hadi makumbusho ya Ulaya bila wenyewe kuulizwa. Lakini njia yake ya kazi ina faida. Mtafiti hukaa na watu kwa muda mrefu, hujifunza lugha yao, kisha huuliza: nani katengeneza kitu hiki? Kinatumika lini? Kinafanya kazi gani? Wenyewe wanasema uzuri wake uko wapi?

Tuchukue ubao wa Qur'ani wa Afrika Magharibi. Ukiwa ndani ya kabati la kioo, mtazamaji husifu mwandiko na mng'ao wa mti. Lakini nenda chuoni: mwanafunzi huandika aya, huzihifadhi, huuosha ubao, kisha huandika nyingine. Mng'ao ule ni alama ya mikono na maji ya miaka mingi. Kwa mwalimu wake, uzuri hasa ni aya zilizokwisha kuhamia kifuani.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Mwaka 1974 René Bravmann alichapisha utafiti wake kuhusu Uislamu na sanaa katika eneo la Bondoukou, Ivory Coast, na sehemu ya Ghana iliyo jirani. Wataalamu wengi waliamini kwamba Uislamu ukiingia mahali, vinyago hutoweka. Yeye alikuta jamii za Waislamu zenye vinyago viitwavyo Do, vinavyochezwa hata Ramadhani inapomalizika. Je, jambo hilo linafaa kisharia? Hilo ni swali la wanazuoni. Bravmann alionyesha tu kwamba picha tuliyokuwa nayo haikuwa kamili.

Hapa Uganda tunalo letu. Bwenini hubishaniwa kama Mwislamu anaweza kutundika lubugo ukutani. Lubugo ni nguo ya gome la ndani la mti wa mutuba, linalogongwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa urithi wa binadamu. Huvaliwa katika kutawazwa kwa Kabaka, hutumika mazikoni na katika shughuli za waganga. Lakini pia limekuwa pazia, tandiko la kitanda na chandarua. Anayesema "ni halali" au "ni haramu" kwa kutazama rangi yake tu hajajua anahukumu nini. Kipande kilichowekwa kwa ajili ya mizimu na kipande kilichoshonwa mkoba vimetoka mti mmoja, ila kazi zake ni mbili.

Simaanishi kwamba kuelewa ni kukubali. Anthropolojia hutueleza watu wanafanya nini na kwa maana gani. Haina mamlaka ya kutuambia lipi litupase. Mizani yetu inabaki Qur'ani na Sunna. Ila mizani nzuri haimsaidii mtu aliyepima kitu kingine akidhani ndicho alicholetewa. Na anayehukumiwa kwa jambo asilolifanya amedhulumiwa, hata kama hukumu imepambwa kwa dalili.

Basi mjadala huo ukianza tena, tuanze na yale maswali manne, tena tuwaulize wenye kitu chao. Kisha ndipo tufungue vitabu vya fiqhi.

Wabillahi tawfiq.